Kilango cha Bunduki ya Achari

Nimeunganisha bunduki za watu kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo kuna kosa moja ambalo nimelicheka mbele ya mwenye nalo bila huruma: kusahau kilango. Najua kumcheka mteja si adabu. Lakini mtu akiingia dukani kwangu na bunduki aliyoiunganisha mwenyewe, kifua mbele, halafu nikatazama pale ubavuni maganda ya risasi yanaporukia nikaona pako wazi kama pengo la jino, mimi hucheka mpaka nashika kaunta. Kilango kile kidogo huingizwa kwa mbele, na kijiti chake, kabla mtutu haujafungwa. Ukishafunga mtutu ukakaza nati, basi tena. Unafungua vyote unaanza upya.

Sasa sikilizeni aibu yangu.

Mimi ni Twyla Hobbs, na duka langu liko Pindle, huku kwenye vilima vya Arkansas, kati ya kanisa la Kibaptisti na kituo cha mafuta. Wateja wangu wengi ni watu wazima wenye wazimu wa aina moja. Kwao haitoshi bunduki kulenga vizuri. Lazima iwe na jambo lake, na kila kipuri kilitaje jambo hilo. Royce Purdom, kwa mfano, bunduki yake ni ya bekoni. Kitako kina mistari ya mafuta na nyama, magazini ya risasi ina picha ya nguruwe anayecheka, na kwenye kitufe cha usalama, mahali pa “salama” na “moto”, pameandikwa FRIJINI na KIKAANGONI. Royce ni mtu mzima, ana wajukuu.

Bunduki ya Verna Teague ni ya achari. Verna hutia matango kwenye siki, na hakuna jaji wa maonyesho ya kaunti ambaye hajawahi kulamba vidole mbele ya meza yake. Basi kiunzi cha bunduki yake, ile sehemu yenye namba ambayo kisheria ndiyo bunduki yenyewe, kina mhuri wa tango lililovaa kofia pana. Kitufe chake kinasema MTUNGINI na MDOMONI. Vitu hivi hutengenezwa na watu wawili watatu kwenye gereji zao. Wanatoa vipande mia mbili, wanachoka na matango, wanahamia kwenye bata. Ukichelewa, umekosa. Utatafuta kwenye minada na kwa wajane wa watu mpaka miguu iote sugu.

Aliyemtafutia Verna vipuri vile alikuwa Doyle Fancher, mchimba visima mstaafu, mgane, mtu mrefu mwenye mikono mikubwa na maneno machache kuliko mtu yeyote niliyewahi kumuuzia risasi. Kwa miaka mitatu Doyle alikuwa akienda huku na huko. Siku moja aliendesha gari mpaka ndani kabisa ya Missouri kwa ajili ya kishikio chenye umbo la tango. Akirudi, hubisha mlango wa Verna, humpa kifurushi, husema, “Nimekiona mahali,” halafu huondoka. Mji mzima uliona. Mji mzima ulingoja. Mimi nilichoka kungoja nikaanza kumchukia kidogo.

Halafu Septemba Verna akatangaza kwamba anahamia Tulsa kwa binti yake.

“Nyumba kubwa, shoga,” aliniambia. “Napika kikombe kimoja cha kahawa, natazama viti sita. Denise anakuja na lori Jumapili baada ya mashindano.”

Mashindano yenyewe ni ya klabu yetu, kila Oktoba. Bunduki zinakaguliwa, vipuri vyenye jambo lake vinahesabiwa, kisha kila moja inafyatua risasi kumi. Bunduki isiyo kamili haipigi.

Jumatano ya wiki ya mashindano Doyle akaingia dukani. Akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

“Twyla.”

“Naam.”

“Huenda mvua ikanyesha.”

“Doyle Fancher, hukuendesha gari dakika ishirini kuja kunipa habari za mvua.”

Akaweka kijisanduku juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na kilango, kipya, kimechongwa mtungi wa achari nje yake, na kazi ilikuwa nzuri kweli. Nikakigeuza. Upande wa ndani, ule unaoonekana kilango kikifunguka tu, palichongwa maneno: VERNA. USIENDE. TUOANE. DOYLE.

Nilikaa chini. Mimi si mtu wa kulia, lakini macho yaliniwasha.

“Kwa nini usimwambie tu?”

“Nilijaribu. Jumapili, kanisani. Nilifika karibu kabisa.”

“Ukasema nini?”

“Nikamwambia bustani yake imependeza.”

“Akajibu nini?”

“Kwamba si bustani yake. Ni ya kanisa.”

Masikini ya Mungu! Nikamwambia aniachie. Bunduki ya Verna ilikuwa tayari kwangu, nimfungie kifuniko kipya cha mtutu, cha kijani. Ningefungua mtutu hata hivyo. Ningetoa kilango cha zamani, cheusi kitupu, niweke hiki. Jumamosi Verna avute chuma nyuma aingize risasi ya kwanza, kilango kiruke wazi, asome. Rahisi. Doyle akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akaondoka bila kuaga.

Ijumaa mchana nilikuwa na bunduki imebanwa kwenye jiliwa. Kilango cha zamani nilishakitoa. Kipya nilikificha mfukoni mwa aproni, kwa sababu Verna ana tabia ya kuingia kwa mlango wa nyuma bila hodi. Ndipo simu ikalia. Royce.

“Twyla, hivi mkanda wa begani unahesabiwa kuwa kipuri?”

“Royce, nina kazi.”

“Maana Verna anauhesabu. Mkanda si kipuri. Mkanda ni nguo.”

“Nguo? Bunduki inavaa nguo?”

Tukagombana. Tuligombana vizuri, nikiwa nimebana simu kwa bega, mkono mmoja kwenye mtutu na mwingine kwenye spana, na kila nilivyomfokea Royce ndivyo nilivyoikaza nati. Nilipokata simu kazi ilikuwa imekwisha, bunduki inang’aa, na Verna huyo mlangoni, mbiombio, ana wageni wa kuona nyumba saa tisa. Akaitia kwenye mfuko wake, akanibusu shavu, akaenda. Nikajipongeza kwa soda baridi.

Asubuhi ya Jumamosi ilikuwa nzuri mno. Uwanja wetu uko kwenye machimbo ya mawe ya zamani, na miti yote juu ilikuwa imegeuka rangi. Watu kama arobaini walikuwa wameshapanga bunduki zao mezani. Kulikuwa na ya bata, ya donati, na ya meno ya watu, ya daktari wetu wa meno, iliyonitia kichefuchefu. Verna alikuwa upande wa pili, kwenye sufuria yake ya mafuta, akiwakaangia watu vipande vya achari vilivyochovywa kwenye unga wa mahindi. Doyle alisimama peke yake karibu na bendera nyekundu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikuwa msimamizi wa mstari wa kufyatulia siku ile. Nilimkonyeza. Akawa mwekundu mpaka masikioni.

Ndipo nikamsikia Royce, kwa sauti yake ile ya kuhubiri.

“Jamani! Njooni mwone! Bunduki ya Dada Verna haina kilango!”

Nikacheka. Wallahi nilicheka kwanza, kwa mazoea tu. Kisha mkono ukaenda mfukoni mwa aproni, ile ile ya jana, nikagusa chuma kidogo baridi. Nilitamani ardhi ipasuke. Miaka thelathini na moja! Nimewacheka watu mpaka wengine wamehama duka!

Verna alikuja na mwiko wa mafuta mkononi. Akaitazama bunduki. Akanitazama mimi.

“Twyla Hobbs.”

“Verna, shoga, nisikilize.”

“Miaka mitatu. Miaka mitatu nakusanya, na hii ndiyo Jumamosi yangu ya mwisho hapa, na wewe, wewe unayewacheka watoto wa watu...”

“Nipe nusu saa.”

“Nusu saa, ukitumia nini? Meno yako?”

“Nusu saa. Rudi kwenye mafuta yako, yanaungua. Ikishindikana nitavaa bango shingoni mwaka mzima: nilisahau kilango.”

Verna alinitolea macho, akapima ule mwiko kama anayefikiria aupeleke wapi, kisha akageuka. Mafuta yalikuwa yanaungua kweli.

Sikuwa na jiliwa. Sikuwa na spana ya nati. Mtu pekee anayetembea na vifaa hivyo garini ni Royce, kwa sababu Royce huamini dunia itaharibika akiwa barabarani. Na Royce ndiye aliyetaka Verna atolewe, maana bila Verna kombe lilikuwa la bekoni. Nikamwendea. Sikuwa na njia nyingine. Nikakitoa kilango, nikakiweka kiganjani mwake, upande wa ndani juu.

Akasoma. Midomo ilimcheza. Akamtazama Doyle pale kwenye bendera, amesimama kama mtu anayengoja kuitwa na hakimu. Akasoma tena.

“Na mimi nilidhani anapenda vipuri,” akasema.

“Royce, tafadhali.”

“Mimi na bunduki yangu ya nguruwe,” akasema. Akajifuta pua kwa mkono wa shati. “Usisimame hapo, mama! Jiliwa liko nyuma ya gari. Nati uliikaza kwa kiasi gani?”

“Ulikuwa kwenye simu ukinikera. Nadhani niliikaza sana.”

Ilitaka watu wawili. Royce alining’inia kwenye spana kwa uzito wake wote, na Mungu amemjalia uzito, nami nikashikilia jiliwa, na nati ikalia kama nguruwe mwenyewe. Mtutu ukatoka. Nikatelezesha kijiti, kilango na springi yake, vikakaa. Ikabaki ile klipu ndogo ya kuzuia kijiti kisitoke, ndogo kuliko kucha ya mtoto. Nikaibana kwa koleo. Ikaruka.

“Hakuna mtu kusogea!” nikapiga kelele.

Watu sita wazima wakapiga magoti kwenye changarawe. Kila aliyekuja kusaidia aliuliza kuna nini, na kila aliyeuliza alionyeshwa kilango, na kila aliyeonyeshwa alishika mdomo. Daktari wa meno alilia waziwazi. Baada ya dakika kumi habari ilikuwa imefika kwa kila mtu uwanjani isipokuwa mwenye jina. Walimwendea Verna mmoja mmoja, wakanunua achari, wakamchekea.

Nikamsikia akiuliza, “Mna nini leo? Mbona mnanitazama kama maiti aliyefufuka?”

“Hapana, Dada Verna. Achari tamu tu.”

“Kila siku ni tamu.”

Klipu ilikuwa kwenye pindo la suruali ya Royce. Aliipata mwenyewe, akainyanyua juu kama aliyevua samaki mkubwa, na watu wakashangilia. Nikafunga. Safari hii nilikaza nati bila kusema neno na mtu yeyote. Dakika ishirini na nane.

Royce mwenyewe ndiye aliyeipeleka bunduki mezani. “Imekamilika,” akamwambia mkaguzi. “Na mkanda uhesabiwe.”

Verna akafuta mikono, akavaa vikinga masikio, akasimama kwenye mstari. Watu wote arobaini tulisogea nyuma yake tukawa kitu kimoja. Hakuna aliyetafuna. Doyle alikuwa hatua tatu kulia kwake, uso mweupe. Verna akaweka magazini, akavuta chuma nyuma, akaachia. Kilango kikaruka wazi, na maneno yale yakamulikwa na jua, makubwa, safi, kila herufi mahali pake.

Verna alikuwa anatazama shabaha.

Hapo ndipo nilipojipiga kofi la paji la uso. Kilango kiko kulia! Anayelenga kwa bega la kulia, kichwa chake kiko kushoto! Nani katika historia ya bunduki hii amewahi kusoma kilango chake akiwa analenga? Tumevichonga vilango mamia, tumevichekea mezani, na hakuna hata mmoja wetu, si mimi, si Doyle, si yule mchongaji, aliyefikiri kwamba mwenye bunduki ndiye mtu pekee asiyekiona. Risasi ya kwanza, sahani ya chuma ikalia. Ya pili, ikalia. Verna alipiga zote kumi, taratibu, bila kukosa hata moja, na kilango kiko wazi muda wote kikizungumza na hewa.

Akatoa magazini. Akafunga chuma nyuma. Akaishika bunduki mbele yake ikielekea kilimani, akangoja, kwa sababu kanuni ni kwamba msimamizi lazima achungulie ndani ya chemba, aone haina risasi, na atangaze kwa sauti. Doyle akaja. Akainama. Akaona maneno yake.

Akabaki ameinama hivyo hivyo.

“Doyle,” Verna akasema, “tupu au si tupu? Mkono unanichoka.”

“Verna,” akasema Doyle, kwa sauti nyembamba. “Hapo. Soma.”

Verna akainamisha kichwa, akakunja macho. “Nisome nini? Miwani yangu ya kusomea iko kule ninakokaangia.”

Miwani mitano ikanyooshwa kwa pamoja. Royce alikuwa ameshavua ya kwake, daktari wa meno pia, na bibi mmoja kutoka nyuma alikuwa anaipitisha ya kwake juu ya vichwa vya watu. Verna akaitazama ile mikono yote. Akatutazama nyuso zetu. Kisha akamtazama Doyle, shati lake lililopigwa pasi, jasho kwenye mdomo wa juu, na nikaona kitu kinabadilika usoni mwake.

“Rudisheni miwani yenu,” akasema.

Akakifunga kilango kwa kidole. Kikalia, tak.

“Umeandika wewe?”

Doyle akaitikia kwa kichwa.

“Basi unajua kimeandikwa nini. Sema.”

“Ee Bwana, mwokoe,” akanong’ona Royce.

Doyle akafungua mdomo. Akatazama angani, nami nikafumba macho, kwa maana nilijua kinachokuja.

“Huenda mvua...”

“Doyle!” tukapiga kelele watu arobaini.

“Haitanyesha!” akasema Doyle kwa nguvu, na nadhani sauti yake mwenyewe ilimshtua, kwa sababu baada ya hapo hakuweza kujizuia. “Haitanyesha, sijali hata ikinyesha. Verna, mimi bunduki sizipendi kiasi hicho. Napenda kuvua samaki. Nilikwenda Missouri kwa ajili ya kipande cha plastiki chenye umbo la tango, na kurudi nilikuwa naimba garini, mimi, kwa sababu nilikuwa nimepata sababu ya kubisha mlango wako. Ndiyo hiyo tu. Kila kipuri ni hodi. Ukienda Tulsa mimi nitabisha wapi? Usiende. Nakupenda, nimekupenda muda mrefu, sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Tuoane.”

Nilikuwa nalia, sikatai. Royce alikuwa ananilalia begani na kuniponda.

Verna aliweka bunduki mezani taratibu, mtutu ukielekea kilimani, kama inavyotakiwa.

“Kile kishikio cha Missouri,” akasema.

“Ndiyo?”

“Nilikuwa nacho.”

Doyle akapepesa macho. “Ulikuwa nacho?”

“Nilikiagiza mwenyewe mwezi mmoja kabla. Na magazini ya mtungi, ninazo mbili. Kitufe cha usalama, viwili. Mkanda, mitatu, Doyle, maana uliniletea mara mbili. Nina droo nzima jikoni. Kila ulipobisha nilikuwa nakimbia kwanza kukificha changu.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekuambia,” akasema Verna, machozi sasa yanamtiririka na mdomo unacheka, huku anamnyooshea mikono yake yenye harufu ya siki, “ungeacha kuja.”